Oparesheni ya kupunguza uzito sio moja
Wengi tunajua oparesheni ya kupunguza uzito ni moja tu, unakatwa mafuta ya tumboni basi. Ukweli mafuta hayakatwi, kinachokatwa ni mfuko wa chakula. Kuna aina mbali mbali, mfano slivu na baipasi. Kwenye slivu wanatoa kama asilimia 80 ya huo mfuko, unabaki mwembamba kama ndizi na kilichotolewa hakirudi tena, ila baipasi wanaacha kifuko cha kama mililita 30 wanakiunga na utumbo mdogo. Sasa kama una kiungulia kikali sema mapema jamani, slivu inaweza kukizidisha, baipasi mara nyingi hukipunguza. Vitamini utameza maisha yote, iwe hii au ile. Kabla hujasaini mwambie daktari akuchoree kwenye karatasi nini kinatoka nini kinabaki, halafu kamuulize na daktari mwingine.