Mpiga Nyatiti Hakimbii

Ukurasa wa 41 wa mswada wa watoto ninaouhariri, fisi anamfukuza mtoto kandokando ya miamba ya Kit Mikayi, na mtoto, huku anatimua mbio, anapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Fisi anausikia wimbo, anajinyoosha chini, analala fofofo. Sura imekwisha. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ameketi wapi?"

Mwandishi, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, akanipigia simu jioni hiyohiyo. "Dada yangu, hiyo ni fantasia. Kwenye fantasia chochote kinawezekana."

Nimehariri vitabu vya watoto hapa Kisumu muda wa kutosha kujua kwamba nitazikwa na sentensi hiyo. Mwaka huu pekee nimeshaisikia zaidi ya mara moja, na kila mara inafuata mswada uleule: mtoto, chombo cha muziki, wanyama watiifu, mzazi aliyepotea. Sina ugomvi na hadithi hiyo. Ugomvi wangu ni na hilo "chochote".

Hebu tuiangalie nyatiti yenyewe. Si gitaa la kuning'iniza shingoni. Ina nyuzi nane, na mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa chini kando yake. Mguuni amefunga gara, zile njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu huohuo amevaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo anaigonga kwenye mti wa chombo kutia mapigo. Mikono ina kazi, mguu una kazi, mdomo nao unaimba. Mtu huyo Mwalimu anamkimbizaje? (Kuhusu mtoto kuwa msichana, sina neno. Zamani nyatiti ilikuwa ya wanaume. Leo mwanamuziki Suzanna Owiyo anaipiga na mbingu hazijaanguka.)

Mwalimu alikiona kigoda kuwa kikwazo, akakifuta. Mimi naona hadithi yote imekaa juu ya kigoda hicho. Fisi yuko hatua 20 nyuma. Ili mtoto apige, lazima aache kukimbia. Atue kigoda. Aketi, kitu ambacho kila msuli wa mwili wake unakikataa. Afunge gara, na kamba ina fundo. Fisi hatua 10. Avae pete. Uzi mmoja umelegea kwa kukimbizwa, aukaze. Hapo msomaji wa miaka tisa hapumui. Uchawi bado upo, hakuna aliyemnyang'anya mtu, ila sasa una bei, na bei yenyewe ni kuketi mbele ya meno.

Na tusisingizie mapokeo. Bibi zetu walikuwa wakali kuliko sisi. Katika siwindhe ya Wajaluo, nyumba ya bibi walimolala wasichana, wakisimuliwa habari za zimwi Apul-Apul, au huku kwa Waluhya wakitishwa na amanani, mazimwi ya huko, wimbo haukuwa pambo la kujazia ukurasa. Ulikuwa ufunguo. Mama ana wimbo wake mlangoni, watoto wanafungua kwa sauti ile tu. Zimwi linayajua maneno yote, linaimba bila kukosea, na watoto hawafungui, kwa sababu koo ni nene. Mpaka liende likatengenezwe koo! Jitu lenye uwezo wa kumeza kijiji kizima linazuiwa na sauti isiyofaa. Leo mtu aliyelelewa kwa ngano hizo ananiambia chochote kinawezekana.

Wanyama nitawapitia haraka. Kiboko akipanua kinywa hapigi miayo wala hacheki, anakutisha. Tena haogelei kama samaki. Anatembea chini, kwenye tope. Ukimpa mtoto ampande kutoka Dunga hadi Rusinga, safari hiyo ni ya chini ya maji. Flamingo naye hali samaki aina ya ngege. Anageuza mdomo juu chini na kuchuja mwani wa maziwa ya magadi, kwa hiyo ukimleta aishi Ziwa Victoria umemleta kufa njaa. Lakini sikiliza: Ziwa Nakuru lilianza kufura miaka ya 2010, magadi yakapungua nguvu, mwani ukapungua, flamingo wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Huyo basi ni ndege ambaye nyumba yake imemezwa. Ana sababu yake mwenyewe ya kuandamana na mtoto anayemtafuta baba, bila kulogwa na mtu.

Na tembo. Mlima Elgon, tembo huingia usiku ndani ya pango la Kitum, gizani kabisa, kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Huitana kwa mngurumo ambao sehemu yake iko chini sana, masikio yetu hayaushiki. Weka hilo kando ya isukuti, ngoma ya kuchezwa ya Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa zinazohitaji kulindwa haraka. Ngoma zinazopigwa ni tatu: kubwa, ya kati, ndogo. Baba ametoweka na ile kubwa. Mtoto kabaki na mbili, na kila akipiga kuna shimo mahali pa sauti nzito. Usiku mmoja karibu na Kitum, shimo linajibiwa. Hasikii kitu. Kifua ndicho kinachotetemeka. Hiyo nawapa bure.

Sasa mzazi. Vitabu vya ufundi wa kuandika vinasema mwondoe mapema, mtoto awe huru. Sawa, lakini watoto wetu wengi wana mzazi aliyeondoka kweli, yuko Saudia au Nairobi, na swali lao la kwanza ni: mbona hapigi simu? Ukiwajibu chaji iliisha, watakucheka. Chaji ya sura tisa? Je, mwishoni arudi? Nimewahi kushauri arudi, nimewahi kushauri asirudi, na mara zote mbili sikulala vizuri.

Na nikiri jingine, maana Mwalimu atalisikia kwa watu. Mwaka juzi nilimfutia mwandishi sura nzima ya mamba anayepiga kodiani. Hana sababu, hana bei, ametokea tu mtoni na kodiani yake. Kabla ya kuitupa nilisomea darasa moja mswada wote. Wiki iliyofuata nikawauliza wanakumbuka nini. Mamba. Wote, mamba. Nikamrudisha, na mpaka leo sina nadharia inayomweleza.

Jana usiku Mwalimu kanitumia ujumbe: "Basi nimpe filimbi. Filimbi hupigwa hata mtu akikimbia."

Nikamjibu apande mlima wa Riat mbio huku anapuliza filimbi, akifika juu anipigie.