Kuinama mbele ya mlango namba 193

Ikikaribia Novemba 9, begi langu huanza kunuka ndimu. Ndani nina sponji laini, matambara ya fulana kuukuu, chupa ya maji, dawa ya kung'arishia shaba, na hizo ndimu ambazo wenzangu wa Berlin huzicheka. Wacheke tu. Bibi yangu alisugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu, na ulikuwa ukijiona uso humo.

Kazi yangu ni kuwatembeza vijana kwenye mawe ambayo Wajerumani huyaita Stolpersteine, yaani mawe ya kujikwaa. Kila jiwe ni bamba la shaba la karibu sentimita 10 kwa 10, limefungwa juu ya tofali la zege na kuzamishwa njiani mbele ya nyumba ambayo mtu aliishi kabla Wanazi hawajamchukua. Mengi huanza na maneno mawili, "Hapa aliishi". Kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, alikopelekwa, na tarehe ya kifo kama inajulikana. Aliyeanzisha ni msanii Gunter Demnig. Jiwe la kwanza aliliweka Cologne Desemba 16, 1992, miaka 50 kamili tangu Himmler, mmoja wa wakuu wa Wanazi, aamuru Waroma na Wasinti, watu wanaoitwa pia Jipsi, wapelekwe kambi ya mauaji ya Auschwitz. Mei 2023 liliwekwa jiwe la 100,000, mjini Nuremberg.

Wengi hudhani ni mradi wa serikali. Hapana. Mpangaji, au wanafunzi wa darasa moja, ndio wanaoanza: nani alikaa ghorofa yetu? Wanaingia kwenye nyaraka, na hapo moyo huzizima. Wayahudi wa Berlin walilazimishwa kujaza fomu za mali zao kabla ya kusafirishwa: viti vingapi, mashuka mangapi, makoti. Nimeona msichana wa miaka 15 akisoma orodha ya namna hiyo mpaka kwenye vijiko, akaifunga faili, akatoka nje. Baada ya hapo hutafutwa ndugu, pesa huchangwa, halafu ni kusubiri, kwa sababu kila herufi hugongwa kwa mkono, kwa nyundo. Haikupigwa chapa kiwandani, kwa makusudi: mauaji yale yalifanywa kiwanda-kiwanda.

Shaba hupauka, kisha hufanya weusi. Ndiyo maana Novemba 9, ukumbusho wa usiku ule wa 1938 walipochoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi, majirani hutoka na ndoo na mishumaa. Huwezi kusafisha jiwe hili ukiwa umesimama. Lazima upige magoti barabarani, watu wakikupita.

Niliwahi kuletewa kijana aliyelazimishwa na mwalimu wake baada ya kufanya mzaha kuhusu vyumba vya gesi ambamo Wanazi waliulia watu. Sikumhubiria. Nilimpa tambara na mawe manne ya familia moja. Alisugua la baba, la mama, la mtoto mkubwa, huku akitafuna ubani. Kwenye la nne akasimamisha mkono. Nilimwona anahesabu kimoyomoyo. "Huyu alikuwa na miaka minne?" Nikamwambia ahesabu tena. Sijui amekuwa mtu wa namna gani leo, na sisemi shaba humbadilisha mtu. Nasema tu kwamba idadi ya Wayahudi milioni 6 waliouawa alikuwa anaijua tangu zamani, na haikuwahi kumsimamisha mkono.

Jamaa wa nyumbani huniuliza: "Sasa kaka, mambo ya Wayahudi yanatuhusu nini?" Basi twende Brunnenstraße 193.

Mbele ya mlango huo kuna jiwe la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Akiwa mtoto tu alipigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, na 1929 alikuja Berlin kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Akabaki, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Ndiyo, Kiswahili hiki. Wanafunzi wake walikuwemo watu waliotarajia makoloni ya Ujerumani yatarudi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akatupwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia humo Novemba 24, 1944.

Hakuwa Myahudi, na sipendi kuchanganya mambo: Wayahudi walilengwa wafutike wote, mpaka kichanga. Wala hakuwa malaika. Alivaa sare ya ukoloni na kuionea fahari. Vijana hunibishia kweli kweli hapa, na ubishi huo naupenda kuliko hotuba yangu.

Wapo wasioyataka mawe haya, nao wana hoja. Munich imeyakataa kwenye njia za umma, na miongoni mwa waliopinga ni Charlotte Knobloch, Myahudi aliyenusurika mwenyewe: majina ya wafu yasikanyagwe tena. Siwezi kumjibu. Mwaka 2017 mtaa wa Neukölln hapa Berlin yaling'olewa mawe 16 usiku. Michango ilimiminika, yakawekwa mengine.

Mwaka jana kwenye kundi langu alikuwepo binti aliyezaliwa Goma, mashariki mwa Kongo. Tulipofika 193 aliniuliza kwa Kiswahili, wenzake wasisikie: "Wetu sisi tutawaandika wapi?" Nilimweleza kuhusu Gisozi, Kigali, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda 1994, na kwamba taasisi iliyosaidia kujenga ukumbusho ule ilianzishwa na ndugu wawili Waingereza waliokwisha kujenga kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi huko Nottinghamshire mwaka 1995. Alisikiliza. Lakini aliuliza kuhusu Goma, si Kigali, na wote wawili tulilijua hilo.

Akachukua ndimu, akapiga magoti. Mama mmoja mpangaji akatoka na mbwa wake, akasimama, akauliza jina lile linasomwaje. Miaka yote analipita tu. Binti akamtamkia polepole: Mah-ju-bu. Mama akarudia mara tatu, la tatu akalipata, akavuta kamba ya mbwa wakaenda zao.