Metajenomiki: kusoma vijidudu vilivyokataa kuota

Chota udongo shambani, hata gramu moja tu, uukoroge kwenye maji na uutazame kwa hadubini. Utaona bakteria wengi ajabu. Sasa chukua tone la maji hayohayo, ulipake kwenye kisahani cha maabara chenye rojo ya agari (hutengenezwa kwa mwani), kisha usubiri. Watakaoota ni wachache mno. Mara nyingi hawafiki 1 kati ya 100 uliowaona. Si kwamba waliobaki wote wamekufa. Wengine chakula kilichotiwa kwenye rojo hiyo hakiwafai, wengine hawaishi bila majirani zao. Kwa zaidi ya miaka 100 elimu ya vijidudu ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya hao wachache waliokubali kuota.

Metajenomiki ni njia ya kuwafikia wale waliokataa. Hakuna kuotesha: watafiti hutoa vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli, vya kila kiumbe aliyekuwemo, wakavisoma kwa mkupuo mmoja. Neno lenyewe lilitokea katika makala ya Jo Handelsman na wenzake mwaka 1998, kuhusu vijidudu vya udongoni.

Kasheshe iko kwenye kupanga, maana vinasaba hivyo husomwa vikiwa vipande vifupi vya viumbe wengi vilivyochanganyika. Chukulia muuza maandazi ana rundo la karatasi za kufungia: magazeti, daftari za shule, barua, nakala nyingi za kila kimoja, zote zimechanwa ovyo na kuchanganywa. Wewe unataka kila kitu kirudi kilivyokuwa. Utaanza kutafuta vipande ambavyo maneno ya mwisho ya kimoja ndiyo yanayoanzia kingine, uviunge. Kisha utaangalia mwandiko, maana kila kiumbe ana wake: namna herufi nne za vinasaba, A, T, G na C, zinavyojirudia ndani yake. Mwisho utahesabu. Gazeti lililokuwa na nakala nyingi litakuwa na vipande vingi, barua moja itakuwa na vichache.

Rundo likiwa kubwa mno utakesha bure. Ndiyo maana naona werevu wa Jill Banfield ulikuwa katika kuchagua mahali. Huyu ni Mwaustralia aliyeanzia kwenye jiolojia, na vijidudu alivifikia kwa kufuata madini. Yeye na wenzake waliingia mgodi wa Richmond, huko Iron Mountain, California, kwenye joto la nyuzi 42 hivi za Selsiasi na maji yenye tindikali kali. Juu ya maji hayo ulielea utando wa waridi. Ni bakteria na akea (vijidudu vinavyofanana na bakteria lakini ni kundi lingine) wanaojipatia nishati kutokana na chuma, na wanaochangia kuyafanya maji kuwa tindikali hivyo. Mahali pabaya namna hiyo huwa na wakazi wachache, kwa hiyo rundo lilikuwa dogo. Mwaka 2004 walitangaza kwamba katika herufi milioni 76 walizosoma, wameunganisha jenomu (vinasaba vyote vya kiumbe mmoja) mbili karibu nzima, ya bakteria Leptospirillum na ya akea Ferroplasma.

Kilichonivutia zaidi kilikuja mwaka uliofuata. Jeni, yaani sehemu za vinasaba zenye maagizo, za kunasa naitrojeni ya hewani hazikuonekana kwa wakazi wakuu wa utando. Zilikuwa kwa mmoja wa wakazi waliokuwa wachache kwa idadi. Basi wakatayarisha chakula kisicho na naitrojeni nyingine, na yule kiumbe akaota. Jenomu ndiyo iliyowaonyesha namna ya kumwotesha.

Baadaye, huko Rifle, Colorado, kundi la Banfield lilichuja maji ya chini ya ardhi kwa chujio la tundu za maikromita 0.2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ambalo kwa kawaida huaminiwa kuzuia bakteria, wakachunguza kilichopenya. Mwaka 2015 walieleza zaidi ya makundi makuu 35 ya bakteria wadogo mno, wengi wao hawana jeni za kujitengenezea mahitaji ya msingi, dalili kwamba wanawategemea wengine.

Wengi wa viumbe hawa huandikwa na neno Candidatus, yaani mgombea kwa Kilatini, mbele ya jina, kwa sababu kanuni za kutaja bakteria zinadai aliyeoteshwa na kuhifadhiwa kwenye ghala za vijidudu za nchi mbili tofauti. Mwaka 2022 ilianzishwa kanuni nyingine, SeqCode, ambayo kwake jenomu nzuri inatosha.