Kitambi hakiyeyuki kama samli kikaangoni

Juzi mama mmoja kaniwekea mezani chupa ya vidonge vya chai ya kijani. "Daktari, vitayeyusha kitambi baada ya siku ngapi?" Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, basi leo naliandika.

Hilo neno "kuyeyusha" ndilo linaloniudhi. Seli ya mafuta ni kiroba kilichojaa trigliseridi, yaani mafuta ya akiba. Mwili ukihitaji nguvu, vimeng'enya huzivunja, asidi za mafuta huingia damuni, misuli huzichoma. Katika kilo 10 za mafuta yanayopotea, kama kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni. Zilizobaki ni maji. Hakuna mafuta yanayoyeyuka yakaenda chooni! Na viroba havitupwi. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2008 kwamba kwa mtu mzima idadi ya seli hizo haibadiliki, hata akikonda. Husinyaa tu.

"Lakini maabara imethibitisha," husema wauzaji wa vidonge. Maabara ipi? Chukua resveratroli, kemikali ya zabibu inayouzwa nayo kwa vidonge: ukiimwagia seli changa za mafuta kwenye sahani, hazikomai. Kweli kabisa. Ila sahani haina utumbo wala ini. Ukiimeza, viungo hivyo viwili huigeuza upesi, na inayofika damuni ikiwa bado nzima haifiki hata asilimia 1. Muuzaji anakuonyesha sahani, kisha anakuuzia kidonge.

Kwa binadamu, mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu chai ya kijani yalikuta kwamba katika tafiti zilizofanywa nje ya Japani, wastani wa tofauti ya uzito ulikuwa gramu 40. Hizo ni vijiko vichache vya sukari. Denmark waliwapa wanaume wanene gramu 1.5 za resveratroli kila siku kwa wiki nne, mafuta ya tumboni yakabaki vilevile.

Kuna jambo moja linalonisitisha. Uholanzi, wanaume 11 walitumia miligramu 150 za resveratroli kila siku kwa siku 30. Uzito haukushuka, lakini seli za mafuta chini ya ngozi ya tumbo zilipungua ukubwa. Seli zilizovimba mno huambatana na ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoiitikia vizuri homoni inayoshusha sukari, kwa hiyo huenda kuna faida ambayo mizani haiioni. Siwezi kuipuuza. Wala siwezi kumshauri mtu atumie fedha zake kwa sababu ya watu 11.

Chai ya kikombeni sina ugomvi nayo. Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba EGCG (kemikali kuu ya chai ya kijani) ya vidonge, kuanzia miligramu 800 kwa siku, inahusiana na kupanda kwa vimeng'enya vya ini damuni, dalili kwamba huenda ini linaumia. Niligeuza chupa ya yule mama nikasoma: 900. Nilimwomba aviache siku hiyohiyo, nikamwandikia kipimo cha ini.