Tangazo Lako Limekataliwa? Soma Sababu Kabla ya Kufungua Akaunti Nyingine

Wafanyabiashara wengi wanaofika kwetu hapa Kisumu kuomba ushauri huja wakiwa wameshalikuza tatizo wenyewe. Tangazo walilolipia Facebook au Google lilikataliwa, wakalirudisha vilevile. Likakataliwa tena, wakabadilisha picha. Akaunti ilipofungwa, wakafungua nyingine kwa simu ya ndugu. Kwenye Google, kufungua akaunti mpya ili kukwepa kufungiwa huhesabiwa kuwa ni kuuhadaa mfumo, na kosa hilo limo katika kundi la makosa mazito: akaunti husimamishwa papo hapo, bila onyo. Tangazo la sketi za mtumba za soko la Kibuye lililokuwa na dosari ya maneno mawili huishia kumnyima mtu nafasi ya kutangaza kitu chochote kile.

Aghalabu kinachokataliwa si bidhaa. Ni namna ulivyomsemesha mtu, ahadi uliyompa, au ukurasa anaofikia akibofya. Meta, wenye Facebook na Instagram, hukagua picha, video, maandishi, watu uliowalenga na ukurasa huo wa mwisho. Kwa kawaida ukaguzi huchukua saa 24 au pungufu, na sehemu kubwa hufanywa na mashine. Tena tangazo lililopita leo linaweza kukaguliwa upya kesho likiwa tayari linaonekana kwa watu, kwa hiyo usichukue kupita kwake kuwa ni cheti.

Kanuni inayowanasa watu wetu kuliko zote ni ile inayolinda mambo ya binafsi ya msomaji. Meta hairuhusu tangazo linalodai au kudokeza kwamba linajua afya yake, hali yake ya fedha, umri, dini, kabila, ulemavu au kama aliwahi kufungwa. Sasa fikiria tunavyouza sokoni. Muuza unga akimwona mteja wake anapita atamwita, "Mama, sukari bado inakusumbua? Njoo nikupimie wimbi." Hakuna ubaya hapo, wanajuana, na mama anaweza kucheka akaendelea na safari yake. Maneno hayohayo yakilipiwa na kupelekwa kwenye simu ya mtu aliyetoka kliniki asubuhi, ataketi akijiuliza ni nani aliyeutangazia ulimwengu ugonjwa wake. Mimi naitetea kanuni hii kwa moyo wote, hata ninapoona inavyowasumbua wauzaji waaminifu, kwa sababu mgonjwa ana haki ya kufungua simu yake bila kushtuliwa.

Kuifuata si kazi ngumu. Zungumzia unachouza, kisha mwache msomaji aamue mwenyewe kama kinamfaa. Badala ya "Je, una kisukari?" andika "Unga wa wimbi na mtama usiokobolewa, tunasaga kila asubuhi." Badala ya "Umelemewa na madeni?" andika "Tunawafundisha wenye maduka kuweka hesabu, kila Jumamosi, Kondele." Neno "wewe" lenyewe si kosa. Kosa ni kumbandika msomaji ugonjwa, umaskini au kabila kana kwamba umechungulia maisha yake.

Kwenye afya, ahadi nazo huponza. Picha mbili za kitambi, moja ya kabla na nyingine ya baada, hukataliwa na Meta hata kama mtu huyo kweli alipungua. Matangazo ya bidhaa za kupunguza uzito hayaruhusiwi kuwalenga walio chini ya miaka 18. Na yule anayetangaza mitishamba inayoponya presha, kisukari na upungufu wa nguvu za kiume, yote kwa chupa moja, asidhani ana kesi na Facebook peke yake. Matangazo ya dawa nchini Kenya yako chini ya uangalizi wa Bodi ya Famasia na Sumu. Nalisema hili kwa uchungu, maana wanaonunua chupa hizo ni watu wanaoweza kuacha vidonge vyao.

Mikopo ina masharti yake. Google haikubali matangazo ya mikopo ya watu binafsi inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60 au chini ya hapo, na tangu 2022 wakopeshaji wa kidijitali nchini wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Kamari nayo imebanwa: Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia sekta hiyo ilisimamisha matangazo yake yote kwa siku 30. Ukiwa na ukurasa wenye wafuasi wengi na ukaombwa kupachika tangazo la kubeti, uliza kwanza kibali kiko wapi. Sigara, usijaribu.

Wauzaji wa viatu na mikoba huuliza sana kuhusu majina makubwa. Kiatu halisi cha Nike kilichoingia kwenye bale la mtumba si bandia, na unaweza kukiuza. Lakini ukiandika "kopi safi, huwezi kutofautisha", umekiri mwenyewe kwamba unauza bidhaa ya kuiga. Mashine haihitaji ushahidi mwingine.

Kuna pia mambo madogo ya uandishi ambayo watu huyadharau. Google hairuhusu namba ya simu ndani ya maandishi ya tangazo, ilhali kwetu namba ndiyo kitu cha kwanza tunachoandika. Ina nafasi yake maalumu, iweke huko. Herufi kubwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, alama za mshangao zilizopangwa foleni, na tovuti isiyofunguka siku ya ukaguzi, yote hayo hukataliwa. Ukipanga bajeti, kumbuka VAT ya asilimia 16 huongezwa kwenye gharama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Google na Meta zikikubali tangazo lako, zimesema tu kwamba halijavunja kanuni zao. Sheria za Kenya ziko palepale. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, kuuza simu iliyotumika kama mpya, au kutangaza punguzo la bei ambalo halipo, ni udanganyifu. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo hupokea malalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Facebook haijui kama simu uliyoipiga picha ilishafunguliwa ikabadilishwa kioo. Mteja atajua, na ana pa kwenda.

Picha za watu ni hatari zaidi, na ni rahisi mno kuzitumia bila kufikiri. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hiyo mwenye saluni Nakuru anayepiga picha nywele alizosuka, na mwenye shule ya chekechea Kakamega anayetaka kuonyesha siku ya michezo, waombe ruhusa kwa maandishi, na ijumuishe matumizi ya kibiashara. Ujumbe wa WhatsApp wenye jibu la wazi ni bora kuliko "alinikubalia kwa mdomo".

Hali ni hiyohiyo kwa namba za simu. Majukwaa haya hukuruhusu kupakia orodha ya wateja ili tangazo liwafikie. Lakini mtu aliyekulipa kwa M-Pesa alikuwa analipia samaki, hakukupa idhini ya kumfuata na matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa kabla data ya mtu haijatumiwa kwa biashara.

Tangazo likikataliwa, fungua arifa usome jina la kanuni iliyotajwa. Rekebisha kilichotajwa, si kingine. Ukiamini mashine imekosea, omba ukaguzi upya, ueleze kwa sentensi chache unachouza na uko wapi. Kwa baadhi ya kanuni, Google huanza kwa onyo. Ukirudia, akaunti huzuiwa kutangaza kwa siku 3, kisha siku 7, halafu husimamishwa kabisa. Kila hesabu ya kosa hufutika baada ya siku 90, kwa hiyo anayetulia na kusahihisha huwa na nafasi ya kuanza upya.

Na mapema, kabla hujatumia hata shilingi, linganisha majina. Utakapotakiwa kuthibitisha wewe ni nani, jina kwenye akaunti litalinganishwa na kitambulisho chako au cheti cha usajili wa biashara ulichopata kupitia eCitizen. Kama cheti kinasema jina moja na ukurasa wako unajiita lingine, rekebisha kabla hujaulizwa.