Bomba la majitaka uani na idhini ya kampuni ya maji unapopanua nyumba England na Wales

Katika nyumba nyingi za zamani zilizojengwa kwa safu nchini England na Wales, bomba la majitaka hupita uani, nyuma ya jikoni, likikusanya maji ya nyumba moja baada ya nyingine hadi mwisho wa safu. Uani huko ndiko wenye nyumba wengi hutaka kupanua jikoni au kuongeza chumba. Mimi kazi yangu ni kuandaa michoro na maombi ya idhini kwa ajili ya upanuzi wa namna hii, na jambo linalonisikitisha ni kwamba habari za bomba humfikia mwenye nyumba mwishoni, mtaro wa msingi ukiwa umekwisha kuchimbwa. Zinapaswa kumfikia kabla mchoraji hajaamua ukuta utasimama wapi.

Bomba hilo likiwa la kampuni ya maji na majitaka ya eneo, kujenga juu yake au karibu nalo huhitaji idhini ya kampuni hiyo. Swali la kwanza la wengi ni vipi bomba lililo ndani ya kiwanja chao liwe mali ya kampuni. Jibu liko katika badiliko la sheria lililoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011, ambapo mabomba mengi ya majitaka yaliyokuwa ya watu binafsi, na ambayo tarehe 1 Julai mwaka huo yalikuwa tayari yameunganishwa na mfumo wa umma, yalihamishiwa kwa kampuni za majitaka. Tangu hapo, bomba linalohudumia nyumba moja tu, likiwa bado ndani ya mpaka wa nyumba hiyo, ni la mwenye nyumba; lakini mara linapopokea maji ya nyumba ya pili, au linapovuka mpaka, kwa kawaida huwa ni la kampuni, hata kama limelala chini ya bustani yako.

Tatizo ni kwamba mengi ya mabomba hayo hayajachorwa kwenye ramani za kampuni. Ramani ni lazima uinunue au uiombe, ila ikionyesha uwanja mtupu, usiichukulie kuwa ushahidi kwamba hakuna kitu ardhini. Funua chemba zote za uani, pima kina chake, kisha mwombe jirani amwage maji yenye rangi chooni kwake huku wewe ukitazama. Rangi ikipita katika chemba yako, umekwisha kujua kwamba bomba ni la pamoja, na jirani huyo ni shahidi bora kuliko ramani.

Ni vyema kuelewa pia kwamba idhini hii ya kampuni inajitegemea. Upanuzi mdogo unaweza usihitaji kibali cha mipango miji, na mkaguzi wa majengo anaweza kuridhika na paa na kuta, lakini hayo hayamwondolei mtu wajibu wake kwa kampuni. Kanuni za ujenzi, katika kifungu H4, zinataka kazi iliyo juu au karibu na bomba la majitaka isilidhuru jengo wala kuzuia bomba lisitunzwe siku zijazo, na mwongozo wa kifungu hicho unahesabu kuwa karibu ni ndani ya mita 3 kutoka katikati ya bomba.

Mhandisi wa kampuni anapousoma mchoro wako, anatafuta mambo mawili, nayo ni mzigo na njia ya kulifikia bomba. Mzigo wa ukuta hushuka kupitia msingi na kutawanyika udongoni kwa mshazari, hivyo msingi mfupi ulio karibu na bomba humwaga uzito wa nyumba juu ya bomba la udongo wa kuchoma ambalo pengine lina umri wa miaka mia moja. Kwa hiyo msingi hushushwa hadi chini ya kitako cha bomba na kuachiwa nafasi pembeni, kwa kawaida nusu mita. Pale ambapo bomba halina budi kupita katikati ya ukuta, hujengwa linta juu yake na kuachwa uwazi wa angalau milimita 50 kuzunguka bomba, uwazi huo ukizibwa kwa kitu laini kinachozuia panya na udongo kuingia. Fundi anayejaza zege kulizunguka bomba akidhani analiimarisha analifunga kwenye msingi, na nyumba ikititia kidogo tu, bomba hukatika.

Kuhusu njia ya kulifikia, chemba ya bomba la pamoja haipaswi kubaki ndani ya chumba kipya, hata ikifunikwa kwa mfuniko usiopitisha harufu. Naliunga mkono sharti hili kwa moyo wote, kwa kuwa siku bomba likiziba, majitaka ya majirani hutafuta mahali pa kutokea, na mahali hapo huwa ni hiyo chemba. Chemba huhamishiwa nje, na kazi hiyo nayo inahitaji idhini. Bomba lenye kina cha zaidi ya mita 3, au lenye kipenyo cha zaidi ya milimita 225, huhitaji ruhusa maalumu. Bomba linalosukumwa kwa pampu huwa halijengewi juu kabisa. Hapo linabaki ombi la kulihamisha bomba chini ya kifungu cha 185 cha Sheria ya Sekta ya Maji ya 1991, kwa gharama ya mwombaji.

Ombi lenyewe huwa na ramani ya kiwanja, mchoro wa msingi unaoonyesha kina cha bomba, na mara nyingi video ya kamera iliyopitishwa ndani ya bomba kabla ya kazi. Kwa mabomba madogo, kampuni kadhaa hukubali mwenye nyumba ajaze tamko kwamba atafuata masharti yao. Ufa ukionekana katika video, utengenezwe kabla ya zege kumwagwa, kwani baadaye itabidi sakafu ivunjwe.

Aliyekwisha kujenga bila idhini anaweza kuiomba baadaye, ila kampuni hailazimiki kukubali, na haki yake ya kisheria ya kulifikia na kulitengeneza bomba lake inabaki palepale. Kwa kawaida jambo hili hujitokeza wakati wa kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi anapoulizia mabomba na mkopeshaji anaposita. Kwa hiyo barua ya idhini, pamoja na video ya pili inayopigwa kazi ikimalizika, zihifadhiwe na hati za nyumba.