Kiwango cha uhalifu: hesabu inayomsahau anayevuka feri

Barazani, kahawa ikizunguka, hakosi mtu wa kusema Nairobi ina uhalifu kuishinda Mombasa, na ushahidi wake ni wingi wa kesi. Wingi peke yake hauthibitishi kitu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi na 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Penye watu zaidi ya mara tatu na nusu, kesi zitazidi hata kama usalama ni uleule.

Ndiyo sababu ya kuwepo kiwango cha uhalifu: kesi zilizoripotiwa kwa mwaka hugawanywa kwa idadi ya wakazi, kisha jibu likazidishwa kwa 100,000. Chukua mfano wa kubuni. Mji mmoja una kesi 2,000 na wakazi milioni 1. Mwingine una kesi 900 na wakazi 300,000. Wa kwanza unapata 200 kwa kila watu 100,000, wa pili 300. Wenye kesi chache ndio wenye kiwango cha juu.

Wengi huishia hapo. Mimi naona ugumu ndipo unapoanza, kwa sababu ile idadi ya wakazi tunayogawanyia ina hila, na sisi wa Mombasa huiona kwa macho kila asubuhi. Mvita, yaani kisiwani, sensa ilipata watu 154,171. Likoni walikuwa 250,358 na Kisauni 291,930. Sensa humhesabu mtu alikolala. Lakini kukicha, wa Likoni wanashuka feri, wa Kisauni wanavuka daraja la Nyali, wa Changamwe wanapitia Makupa, na wa Mtwapa wanatoka kaunti nyingine kabisa, Kilifi. Wote hao wanamiminika kisiwani kutafuta riziki. Mama wa Likoni akichomolewa simu Mwembe Tayari, kesi yake inahesabiwa Mvita, ila yeye mwenyewe hayumo katika wakazi wa Mvita. Kiwango cha kisiwa kinapanda, na anayelala Kibokoni anaonekana yuko hatarini kuliko alivyo.

St. Louis kule Marekani ina mkasa kama huo. Jiji lilijitenga na kaunti yake miaka ya 1870, mipaka yake ikabaki finyu, na vitongoji vingi vilivyokua pembeni havihesabiwi pamoja nalo. Kulilinganisha na jiji ambalo mipaka yake imekumbatia vitongoji vyake ni kulionea.

Kesi zenyewe nazo ni zile tu zilizofika kituoni na kuandikwa OB, yaani daftari la matukio la polisi. Aliyeibiwa gari huenda mbio, maana bila hati ya polisi bima hailipi. Aliyeibiwa kisimu cha bei ndogo mara nyingi husamehe. Na wanawake wakianza kuliamini dawati la jinsia la kituo cha polisi, kesi za dhuluma huongezeka kwenye takwimu bila dhuluma yenyewe kuongezeka; hapo namba iliyopanda ni habari njema, nami huumia ninapoisikia ikitajwa kama aibu ya mji.

Maneno pia hutofautiana. Katika ripoti za polisi wa Kenya, fungu la mauaji limekuwa likijumuisha hata kujiua na vifo vya uendeshaji hatari wa magari. Ukilipeleka fungu hilo zima ukalilinganisha na nchi inayohesabu mauaji ya kukusudia tu, umelinganisha embe na nazi.

Halafu kuna miji midogo. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920. Tukio moja la mauaji huko hupandisha kiwango kwa karibu 0.7; Nairobi, tukio hilohilo hupandisha kwa 0.02 tu. Kwa hiyo Lamu huitazami kwa mwaka mmoja. Unakusanya miaka mitano au zaidi, unatafuta wastani, ndipo unaiweka kando ya Mombasa.